Stelingi aliyerudi nyumbani

Usiku wangu wa kwanza nyumbani nililala sakafuni. Mama alikuwa amenitandikia shuka mpya, amefunga chandarua, akafukiza udi chumba kizima. Nikamshukuru, nikafunga mlango, nikavuta mto na kulala chini kwenye saruji karibu na dirisha. Ilikuwa Machi 2013, Tanga iko kwenye lile joto la kusubiri masika, nami nimetoka Afrika Kusini nilikokaa miaka mitano, mingi kati yake mahali ambapo godoro lilikuwa kitu cha kugombewa.

Asubuhi aliyenikuta pale chini ni Zai, mdogo wangu. Hakusema kitu. Siku ya tatu, umeme uliporudi jioni, akaniita sebuleni. "Kaka, njoo uone. Kuna mtu kama wewe humu." Alikuwa na kompyuta ya kuazima chuoni na flashi aliyokwenda kurushiwa muvi kwa kijana wa mtaa wa pili. Ndipo nilipomwona Oliver Queen kwa mara ya kwanza. Mtoto wa tajiri, boti ya familia imezama, amehesabiwa maiti miaka mitano, wavuvi wanamwokota kisiwani na kumrudisha kwao. Usiku wake wa kwanza kitanda anakiona hakifai, analala chini, dirisha wazi, mvua inaingia. Mama yake anakuja kumwamsha, na kabla macho hayajafumbuka vizuri kijana kesha mkaba koo.

Zai akasimamisha picha pale pale, akanigeukia.

"Mwambie mama asije akaniamsha," nikasema.

Tukacheka, lakini kicheko changu kilichelewa kidogo, na yeye alikiona kilivyochelewa.

Tamthiliya yenyewe ni Arrow. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 10 Oktoba 2012 kwenye kituo cha The CW, ikaisha tarehe 28 Januari 2020, misimu 8, sehemu 170. Oliver anaigizwa na Stephen Amell, na mhusika mwenyewe ni wa zamani, ametoka kwenye vitabu vya katuni vya DC tangu 1941. Hana nguvu za ajabu. Haruki, hapasui ukuta kwa ngumi, risasi inampata kama itakavyokupata wewe. Ana upinde, mazoezi, na hasira aliyorudi nayo. Nadhani ndiyo maana ilinishika mimi ambaye kwa hadithi za watu wanaovaa chupi juu ya suruali sikuwa na habari.

Jambo lililonivuta zaidi ni namna inavyosimuliwa. Kila sehemu ina hadithi mbili. Moja ni ya leo: Oliver yuko mjini kwao, Starling City, mchana tajiri mvivu, usiku amevaa kofia ya kijani anawinda wakubwa walioula mji. Nyingine ni ya nyuma, kisiwani, inakuja vipande vipande, dakika mbili hapa, tatu pale, na kila kipande kinakuja pale tu ambapo jambo la leo limekigusa. Watu wengi mtaani hawakuipenda hiyo; walikuwa wakisogeza mbele wafike kwenye ngumi. Mimi niliona huyu aliyeandika amewahi kukaa na mtu aliyerudi. Ndivyo inavyokuja hasa. Unamenya chungwa, harufu ya ganda inakupeleka kwenye jokofu la matunda pale bandarini Durban saa tisa usiku, halafu shangazi anakuuliza mbona umenyamaza.

Kwenye chakula cha kwanza nyumbani kwao, Thea, mdogo wake Oliver, anamuuliza huko kulikuwaje. Anajibu neno moja: baridi. Mimi jibu langu lilikuwa maneno mawili. Kawaida tu. Majirani walikuja kunipa pole na hongera kwa pamoja, kama ilivyo desturi ukirudi kutoka mbali, na kila aliyeuliza aliondoka na kawaida tu yake. Nikaongezea hadithi fupi niliyoitunga njiani: nilifanya kazi gereji, bosi Mhindi, kazi zikapungua, nikakata tiketi ya ndege nikarudi. Ilikuwa hadithi safi, haina shimo, na kwa kuwa hakukuwa na aliyefika huko, hakukuwa na wa kunibishia.

Ukweli ni kwamba nilizamia. Tuliondoka wawili, mimi na Jumbe wa Pangani, Aprili 2008. Basi hadi Mbeya, Kasumulu, Malawi yote, Msumbiji, na mwisho waya wa mpaka usiku. Tulifika Durban wiki chache tu kabla ya vurugu za Mei mwaka ule, wageni walipokuwa wakipigwa na kuchomwa moto kuanzia Alexandra kule Johannesburg hadi kwetu. Zaidi ya watu 60 walikufa nchi nzima. Siku zile nilijifunza kutembea barabarani bila kufungua mdomo, kwa sababu lafudhi ndiyo iliyokuwa kitambulisho. Gereji niliyowaambia nyumbani ilikuwepo kweli. Niliosha magari hapo miezi minne. Miezi mingine ilikuwa kwingineko.

Hapo ndipo Oliver na mimi tulipofanana kuliko kulala chini. Alirudi akaambia dunia nzima kwamba alikuwa peke yake kisiwani miaka mitano. Kadiri misimu inavyokwenda unagundua kisiwani hakuwa peke yake hata kidogo, na si miaka yote mitano alikuwa kisiwani. Alikuwa Hong Kong, alikuwa Urusi. Msimu wa 5 unaonyesha hata siku ile ya kuokotwa na wavuvi ilipangwa: alipelekwa tena kisiwani, akavikwa nywele na ndevu za bandia ili aonekane mtu aliyesahauliwa na Mungu. Nilipoiona ile, miaka minne baada ya kurudi, nilikumbuka shati jeupe nililoliazima stendi ya Ubungo ili nishuke Tanga nikiwa mtu aliyetoka kazini.

Sasa niseme habari ya daftari, maana hapa nilifanya ujinga wa hali ya juu, na kwa sehemu fulani naulaumu huu mchezo.

Baba yake Oliver, Robert, anamwachia kijitabu chenye majina. Kabla ya kufa kwenye boti ya mpira anamwambia mwanawe kwamba hakuujenga mji wao, ameuangusha, na yeye arekebishe. Kisha anajipiga risasi ili maji ya kunywa yatoshe. Oliver akirudi anaanza kuyafuata majina yale moja moja, na maneno yake kwa kila mmoja ni kwamba ameuangusha mji huu.

Baba yangu alikufa nikiwa Durban. Alikuwa na duka dogo Ngamiani, barabara ya 12, na kitu pekee cha dukani kilichosalia ni kauntabuku la madeni. Mama alilitunza kabatini chini ya vitambaa. Nilipolifungua niliona mwandiko wake, ule wa kuegemea kushoto: mama Sele unga kilo mbili, fundi Bakari mafuta nusu lita, mzee wa reli sukari, sabuni, sigara, sukari. Nikajumlisha, ikawa laki nane na ushee. Mimi sina kazi, nyumba inavuja, na watu hawa wanapita barazani kwetu wanamsalimia mama wakicheka. Kichwani nilishavaa kofia ya kijani.

Wiki mbili nilizunguka jioni na daftari kwapani. Sikumtukana mtu, lakini nilikuwa na namna ya kusimama mlangoni. Nilijifunza Point, mtaa wa kule Durban, ile ya kumnyima mtu njia ya kutoka bila kumgusa. Mama Sele alitoa elfu tatu mbele ya wajukuu zake, mikono inamtetemeka. Nikapiga mstari juu ya jina lake kwa kalamu nyekundu. Nilijisikia vizuri, ndilo jambo linalonitia haya mpaka leo.

Mzee wa reli ndiye aliyenisimamisha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikaribisha mkekani, akaagiza kahawa. Nikamfungulia ukurasa wake. Akavaa miwani, akausoma wote bila haraka, halafu akaligeuza daftari. Akaligeuza kabisa, nyuma ikawa mbele, juu chini. Kwa upande ule baba alikuwa ameanza orodha nyingine. Sikuwahi kufika huko. Ilikuwa ya watu wanaomdai yeye. Jina la pili lilikuwa la mzee wa reli, laki moja na nusu, "nauli ya mtoto". La tano lilikuwa mama Sele, bangili moja.

"Wewe ulikwenda kwa nini huko Sauzi," akaniuliza, "kwa miguu?"

Kahawa ilikuja, sikuweza kuinywa.

Oliver naye ilimchukua muda kuelewa kwamba kile kitabu hakikuwa vile alivyodhani, na kwamba baba yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa wale wakosaji. Lakini yeye alikuwa ameshaua watu kwa kile kitabu. Msimu wa 5, ambao kwangu ndio bora kuliko yote, mtu mmoja anatokea, Adrian Chase, mwana wa haramu wa mmoja wa wale aliowaua mwaka wa kwanza. Anamfunga, anamtesa, hamtaki kitu ila akiri jambo moja: kwamba wale watu hakuwaua kwa ajili ya baba wala kwa ajili ya mji, aliwaua kwa sababu alitaka na alipenda. Na Oliver anakiri. Zai alisema mwandishi kazidisha. Mimi nikawaza ile kalamu nyekundu.

Nilirudisha elfu tatu ya mama Sele. Bangili nililipa 2016.

Nirudi nyuma kwa mama. Mama hajui Kiingereza, na sebule yetu ni moja, kwa hiyo Zai ikambidi atafsiri. Alikuwa akitafsiri kama Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, enzi zile za vibanda umiza vya video, anachomekea na ya kwake, Oliver akisema sentensi mbili Zai anasema tano. Mama alizoea haraka. Akawapa majina: Moira akawa Mama Oliver, Malcolm Merlyn akawa Baba Tommy, Felicity akawa yule wa miwani, Diggle akawa Shemeji, sijui kwa nini, labda kwa vile alikuwa akimwombea Zai apate mume wa namna ile, mrefu, mpole, anayesema ukweli hata ukiudhi.

Aliyempenda ni Mama Oliver. Huyu ni mwanamke ambaye alijua boti ya mumewe ilihujumiwa, akayaficha mabaki yake ghalani. Mwanawe aliporudi kutoka kwa wafu, yeye mwenyewe ndiye aliyetuma watu wamteke ili ajue kijana anafahamu nini. Alimficha Thea kwamba baba yake halisi ni Malcolm. Alimwahidi msichana aliyepata mimba ya Oliver mamilioni ili aseme mimba imetoka. Orodha ya siri zake ingejaza kauntabuku. Mimi na Zai tulikuwa tukimlaani. Mama alinyamaza, akainuka kwenda kutazama maharage, akarudi akasema, "Hamjui. Huyo hakufanya kwa ubaya."

Hapo nikaelewa kwamba alikuwa akijisemea yeye.

Baba alikufa Oktoba 2010. Mimi nilijua Februari 2011. Miezi minne nilikuwa nikipiga simu nyumbani, nikisema nipeni baba, naambiwa amelala, naambiwa ametoka kuswali, naambiwa yuko Muheza kwa shamba la marehemu babu. Mama aliamua nisiambiwe. Aliogopa nitaacha kila kitu nirudi kwa njia ile ile ya waya, nife na mimi. Kwa hesabu za mama ilikuwa sawa. Lakini Tanga ni ndogo hata Durban. Siku moja tunakula chini ya daraja, kijana mmoja wa Makorora aliyefika juzi akasema, "Halafu poleni na mzee, jamani, hata sikukupa mkono." Alidhani najua. Nilimwitikia ahsante, nikaendelea kula. Sikuweza kuonyesha kwamba kifo cha baba yangu nakisikia kwa mtu wa kupita na mdomo umejaa mkate.

Nilikuja kumsamehe mama kwa hilo. Lakini kumsamehe ni jambo moja, na kujifunza ni jingine, na mimi sikujifunza, kwa sababu lile lile nililofanyiwa nilikwenda nikamfanyia mtu.

Msimu wa 2 ni wa Slade Wilson. Huko kisiwani alikuwa kama kaka yake Oliver, ndiye aliyemfundisha kupigana. Wote wawili walikuwa na msichana aitwaye Shado, na Slade alimpenda. Siku moja daktari katili aitwaye Ivo akampigisha Oliver magoti, bunduki katikati ya wasichana wawili, Shado na Sara, achague. Oliver akajitupa mbele ya Sara. Ivo akalichukua hilo kuwa chaguo, akampiga Shado risasi. Slade hakuwepo. Aliporudi akakuta maiti, na Oliver hakumwambia ilivyokuwa. Alimwambia tu kwamba Ivo amemuua. Si uongo. Ni ukweli uliokatwa mkia. Aliyekuja kummalizia Slade ule mkia alikuwa Ivo mwenyewe, kwa namna yake, kwamba Oliver alimchagua mwingine. Damu ya Slade ilikuwa tayari na dawa ya kutia wazimu, ni kweli, lakini neno ndilo lililompa pa kuelekea. Miaka mitano baadaye anakuja Starling City, anawafunga mama na mdogo wake Oliver, anamtaka achague tena. Mama Oliver anasimama mwenyewe, ili binti apone. Slade anamchoma upanga.

Mama alilia kwa sauti. Zai alisahau kutafsiri, na hakukuwa na haja.

Mimi nilitoka nje. Ilikuwa mwaka 2014, mwezi wa tano, na juma lile lile nilikuwa nimepata ujumbe kwamba kaka yake Jumbe anakuja kuniona.

Jumbe alikufa Agosti 2011 kwa kifua kikuu. Alianza kukohoa wakati wa baridi, akasema ni vumbi. Tulikuwa tukiishi kwa karatasi za ukimbizi zinazosema sisi ni Warundi, kwa sababu Mtanzania hana vita ya kukimbia. Yangu ilikuwa na jina ambalo hata sasa nikiliota naitika. Alipozidiwa nilimpeleka hospitali, akaandikishwa kwa jina la kwenye karatasi, akafa kwa jina hilo baada ya siku tisa, na kwa jina hilo akazikwa. Waislamu wa pale walimsalia, Mungu awalipe. Lakini kwenye kitabu cha makaburi, Jumbe wa Bweni, Pangani, hayupo. Kuna Mrundi.

Niliporudi 2013 mama yake alituma mtu kuniuliza. Nilisema mara ya mwisho tuliagana akielekea Cape Town kutafuta meli. Nilijiambia bibi yule ana presha. Nilijiambia akiwa na tumaini ataishi. Nilijiambia mengi, na yote yalikuwa mazuri. Nilichoogopa hasa ni kuulizwa kwa nini nilichelewa kumpeleka hospitali. Nilichelewa kwa sababu niliogopa kukamatwa mlangoni. Siku sita.

Kaka Hatibu alishuka kwenye basi la Pangani asubuhi, kofia mkononi, mikono ya mvuvi. Nilikuwa nimejiandaa kwa Slade. Mama alimpa chai na mihogo, akatuacha. Akanywa yote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kuna kijana wa Kipumbwi amerudi. Ameniambia. Nimekuja kusikia kwako, maana wewe ndiye uliyekuwa naye."

Nikamwambia. Siku sita pia nikamwambia. Hakukasirika, au kama alikasirika aliiweka mahali. Aliuliza maswali mawili tu. La kwanza: alizikwa kwa jina gani? Nilipomtajia alilirudia polepole, kama mtu anayejifunza neno la lugha nyingine. La pili ndilo ambalo sikuwahi kulifikiria katika usiku wote ule wa kulala chini.

"Mkewe yuko pale kwa mama. Mwaka wa tatu huu hajakaa eda. Anajua ana mume. Mwaka jana alichumbiwa akakataa. Wewe ulipotuma lile neno la Cape Town ulidhani unampa nini?"

Sikuwa na la kujibu. Kwenye tamthiliya hapo pangekuja mapigano juu ya paa, panga zinagongana, mvua inanyesha, na mwisho mmoja angeanguka, deni likaisha. Kaka Hatibu alivaa kofia yake, akamshukuru mama kwa mihogo.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Pangani. Nilivuka mto kwa pantoni hadi Bweni, nikakaa mkekani mbele ya bibi yule na mkaza mwanawe, nikasimulia tangu waya wa mpaka. Palisomwa khitma siku ile, miaka karibu mitatu baada ya mwenyewe kufukiwa. Presha ya bibi haikumuua. Aliniuliza kama Jumbe alikuwa na blanketi.

Alikuwa nalo. Lilikuwa langu.

Misimu ya katikati sitaisemea sana. Wa 3 una Ra's al Ghul na baridi ya milimani, mapanga mazuri, hadithi inazunguka. Wa 4 umejaa uchawi wa Damien Darhk, na hapo ndipo Oliver anamficha yule wa miwani habari ya mtoto wake William, kwa sababu zile zile za kulinda. Felicity amepooza, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Siku miguu inapopata nguvu tena anaitumia kuinuka na kumwacha. Mama alipiga makofi. Wa 6 niliuona nikitengeneza pasi. Watu wanasema tamthiliya ilichoka, na mimi sibishi, ila najua kwa nini Oliver alirudia kosa lile lile misimu minne mfululizo. Watazamaji walikuwa wakimzomea kwamba hajifunzi. Wangekuja kwetu wakaniona mimi.

Kwa maana hata baada ya Pangani bado nilikuwa na hadithi ya tiketi ya ndege. Ilikaa mpaka msimu wa 7. Oliver ametangaza hadharani yeye ni nani, akafungwa gerezani, mfungwa namba 4587, na mkewe na mtoto wako mbali. Tulikuwa tukiangalia, tayari ni 2019, nikasema tu, macho kwenye kioo, kwamba na mimi nilikaa kizuizini wiki saba kabla ya kurudishwa, na tiketi ile ililipwa na serikali ya watu.

Zai akasimamisha picha. Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Nilijua. Mtu aliyejikatia tiketi hashuki na mfuko wa rambo."

Miaka sita alijua. Shati jeupe la kuazima, mfuko wa rambo. Nywele za bandia za Oliver zilikuwa na nafuu.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuna kanuni moja: stelingi, yule shujaa wa picha, hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, watamzika, lakini dakika ya mwisho utaona mkono unachomoza kwenye udongo. Ndiyo maana msimu wa mwisho, sehemu 10 tu, ulituvuruga. Oliver anakufa katika ule mkasa mkubwa wa ulimwengu nyingi kugongana, na anakufa mara mbili, na mara ya pili harudi. Dunia inaumbwa upya kwa nguvu alizotoa, na katika dunia hiyo mpya baadhi ya waliokufa wako hai. Sehemu ya mwisho kabisa ni mazishi yake.

Tuliiona Februari 2020, Zai akiwa amekuja kututembelea na mumewe, ambaye si mrefu, lakini mpole. Mama alikuwa amekwisha kasirika tangu alipoambiwa stelingi amekufa kweli. Alisema hawa watu wamekosa hela ya kumlipa. Kisha Tommy akatokea, yule rafiki aliyefukiwa na jengo msimu wa 1. Akatokea yule polisi, baba wa Laurel, mpenzi wa zamani wa Oliver. Mama akaanza kuhesabu kwa vidole. Akatokea Moira, mzima, kama vile upanga wa Slade haujawahi kuwepo.

"Mama Oliver!" akasema, kama aliyemwona mtu stendi.

Akatazama mpaka mwisho. Majina yalipoanza kupanda akauliza, "Na baba yake?"

"Robert hakurudi, mama," Zai akasema. "Huyo alibaki amekufa."

Mama akavuta ncha ya khanga, akajifuta kitu kwenye kidevu ambacho sikukiona.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema. "Pale mama anapoingia. Sikuona alivaa nini."

Zai akarudisha.